Ugonjwa Umehama

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu sasa haivuki kizingiti. Wewe Sheikhan kaa hapa miguuni nikuone, na wewe Fakhriya nyamaza kwanza, utalia baadaye kwa nafasi yako. Mwalimu Muhiddin na mzee Ubeid nimewaita wawe mashahidi, kwa sababu mama akisema peke yake na watoto wake, kesho kila mtoto atakuwa na wosia wake. Akili zangu timamu. Kilichooza ni shavu, si kichwa.

Neno lenyewe ni mjukuu wangu Azza, mtoto wa Fakhriya, aliyezaliwa mweupe kama mimi. Najua nguo zake zimefungwa, na najua kesho asubuhi lori la Kisarawe litampeleka kwa shangazi yenu Binti Mrisho, akakae huko shambani alime. Hamkuniambia. Lakini kuta za nyumba hii ni fito na udongo, na mimi nimelala nimeziegemea.

Yote yametokana na neno moja. Siku ile uliyonipeleka hospitali, Sheikhan, daktari Mzungu alinibonyeza shingo hapa penye matezi, akanigonga mgongo, akasikiliza kifua, kisha akasema kwa Kizungu na dresa wake, yule msaidizi anayefunga vidonda, kijana Mchaga, Isidori. Isidori akakugeukia, akasema, "Ugonjwa umehama." Ukamshukuru, ukanirudisha nyumbani, na hata viatu hujavua ulikwisha kutoa godoro la Azza chumbani mwangu. Umehama! Umetoka kwa bibi umeingia kwa mjukuu, kama mpangaji aliyechoka na chumba kinachovuja. Tangu hapo mtoto anakula peke yake uani, kikombe chake kimetiwa alama, na kila asubuhi mnampapasa shingo kama kuku anayeuzwa.

Isidori alipopita hapa kununua mkate nilimwita dirishani nikamwuliza mwenyewe. Akaniambia, "Bibi, umehama ndani ya mwili wako. Umetoka shavuni, umeshuka shingoni, sasa uko kifuani. Kwa mtu mwingine hauendi." Nikamwuliza mbona wenzangu weupe hawakushukiwa hivyo. Akasema daktari amewaona watu weupe wengi wenye vidonda vya jua, na karibu wote kidonda hukaa pale pale kilipoota. Cha kushuka kama changu ni nadra. Nikamwambia, basi Mungu kanipa ugonjwa wa kuchagua. Tukacheka, mimi kwa upande mmoja wa mdomo. Nilipokueleza wewe, Sheikhan, ukasema, "Mama, dresa anakuliwaza tu." Sasa nakueleza mbele ya watu.

Nilikuwa na kaka, Fikirini, mweupe kama mimi. Baba yetu aliniacha mimi jikoni kwa kuwa ni mwanamke, yeye akampeleka shamba la Mbagala kwa kuwa ni mwanamume, na jua likamla sikio, likaja jicho. Watu wakaliita donda ndugu, nanyi kwa kuwa mliambiwa habari zake mkaona kweli ni la undugu. Mimi ndiye niliyemwosha. Nililala naye mkeka mmoja, usaha wake nikaupangusa kwa kanga niliyovaa. Donda lake halikushuka popote, lilikaa kichwani likamaliza kazi yake pale. Siku aliyokufa nilitumwa kisimani, na niliporudi walikuwa wamekwisha kumzika, hawakunionyesha wapi. Watoto wa jirani wakanifuata wakiimba kwamba zeruzeru hafi, anapotea. Siku hizi Fikirini anakuja. Anakaa hapo mlangoni, kitambaa kimefungwa sikioni, hanisemeshi. Namwuliza, kaka, walikulaza wapi? Anageuza uso anatazama jua la uani. Msinitazame hivyo, sina homa.

Lakini mimi, baada ya mkeka ule, nilikaa mzima miaka na miaka. Niliolewa, nikawazaa nyinyi wawili, mkalala mgongoni na kifuani mwangu. Kidonda kilikuja baba yenu alipofariki, nikatoka kwenda kupanga viungo chini pale nje ya soko, asubuhi mpaka adhuhuri, upande wa shavu hili hili uliotazama jua. Mzungu wa afya akija kukagua soko, wauza samaki wakinitania, "Bi Mwanamize, Bwana Afya anapita, ndugu yako huyo!" Nami nawajibu, "Mwambieni aniletee mshahara wangu, tumezaliwa pamoja!" Soko zima linacheka, na jua linafanya kazi yake. Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyonipata. Na ninyi, kwa kuuogopa, mnampeleka mtoto mahali hasa ulipo, juani, mkampe na jembe.

Binti Mrisho nimemsamehe. Siku ya harusi yangu alisema, "Kaka kaoa mwezi, mchana atauweka wapi?" na maneno hayo nimeyabeba mpaka uzeeni. Mwambieni nimeyatua. Lakini mtoto simpi.

Sasa mali. Nyumba ni vyumba sita, nami nilimwuliza Mwalimu Muhiddin sheria, akaniambia wosia hauzidi theluthi wala hapewi mrithi. Azza ni mtoto wa binti, si mrithi wangu. Basi chumba cha mbele na kile kinachofuata ni vyake, pamoja na baraza iliyo mbele yake, ambayo paa la makuti linaifunika na jua haliifikii kutwa. Akikua auze mkate hapo, auze viungo, auze anachotaka, lakini auze kivulini. Vinavyobaki gawaneni kama Kurani ilivyogawa. Kanga zangu zote, mkiridhia, achukue Fakhriya, amshonee mtoto nguo za mikono mirefu.

Nizikeni mchana, watu wakiona. Watakaoniosha wasikwepe uso. Azza ashike mkono wa mama yake aje mpaka kaburini baadaye, apajue mahali, asije mtu akamwambia bibi yako alipotea.

Ngojeni... maji. Asante, mwanangu.

Sheikhan, wewe ni mjomba wake na baba yake hayupo, kauli ni yako. Mimi sina nguvu ya kuufunga mlango. Nina kitu kimoja tu, radhi, na radhi siitoi huku mzigo umefungwa. Usiniambie "ndiyo, mama." Umeniambia hivyo maisha yako yote, kisha ukafanya lako. Mwite mtoto. Mwambie yeye.

...

Nimesikia. Sema tena, kwa sauti, mwalimu hakusikia. "Huendi Kisarawe." Haya. Mungu akupe nawe mtu wa kukufungulia mzigo siku yako. Radhi yangu ni juu yako, Sheikhan, radhi bila ya kinyongo. Na juu yako, Fakhriya, na kila mtakayemzaa, mweusi na mweupe. Mwalimu, nisomee... polepole, nikufuate.

Azza, mbona umesimama mbali? Mjomba wako kesharuhusu. Panda. Usiogope harufu, ni mimi. Lala upande huu, mama, ule unauma. Hivyo. Weka kichwa... hivyo hivyo.