Watoto Wote wa Kitabuni Walikuwa na Sura Moja

Assalaam alaykum, mama zangu na ndugu zangu. Mwenyekiti wetu kaniambia nisimame niseme yaliyonipata, ila nisimtaje mtu kwa jina, kama ilivyo desturi ya chama chetu hiki cha kusaidiana. Sawa. Mie si msemaji. Kazi yangu ni kuchora, na ukimuona mchoraji anasema sana ujue siku hiyo kazi imemshinda. Lakini nimekaa kwenye mkeka huu miezi mingi, nikawasikiliza wenzangu wakitoa yao ya moyoni, kisha mimi nakunywa kahawa yenu naondoka zangu. Nimeona haya. Basi leo zamu yangu.

Wengi wenu mnanijua kwa kuniona nikipita na bahasha yangu kubwa ya karatasi kwapani. Wenye watoto skuli huenda mmeshaviona vitabu nilivyovichora. Kuchora nilianzia kwenye kofia. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akishona kofia za viua, na mimi ndiye niliyekuwa nikimchorea maua kwa penseli juu ya kitambaa kabla hajatia sindano. Bibi yangu hakupenda nichore vyenye roho. Nikichora kuku ukutani kwa mkaa, ananiamrisha nimfute macho. Nikimfuta macho, kuku anakuwa kama kifuu cha nazi. Nilikasirika sana na kuku wale, lakini walinifunza kuwa penye sura ndipo penye kazi.

Mpaka leo nnafanya kazi vilevile. Nikishasali alfajiri nakaa kwenye dirisha la mashariki. Naanza na penseli, kisha nibu na wino mweusi, na wembe wa kukwangulia nilipokosea. Mtu namuanza miguuni. Akishasimama sawasawa ndipo napanda juu, na sura nnaiacha mwisho kabisa. Kama ni mwanamke anafagia, nashika ufagio mimi mwenyewe mbele ya kioo, nainama, natazama mgongo unakwendaje. Mtu akikukuta hivyo lazima acheke. Mke wangu alikuwa akicheka mpaka anakaa chini.

Nimeshamtaja, basi nimalize. Mwaka ule wa mapinduzi wazee wake walihama kwenda Mombasa, wakataka aende nao, yeye na binti yetu. Mama yangu alikuwa kitandani, hawezi hata kugeuka. Nikasema tangulieni, mama akipata nafuu ntakufuateni. Mtoto alikuwa na miaka sita. Siku ya safari aliamshwa mapema, akanuna, akapanda meli bila ya kunipungia mkono. Nikaona vichekesho tu, maana nilijua ntamuona baada ya wiki chache.

Mama hakupata nafuu. Nilimzika, nikaenda kuomba ruhusa ya kusafiri, nikaambiwa ningoje. Nikangoja. Wao huko wakatoka Mombasa wakavuka kwenda Uarabuni. Hatimaye akaja mtu mmoja wa kwao, akakaa ukingoni mwa kiti, akanambia kwa adabu kwamba mke wangu anaomba nimwache, amepata wa kumstiri. Nikampa talaka yake. Simlaumu. Yuko ugenini, bado kijana, na mume yuko kisiwani hajui atatoka lini. Lakini nilipofunga mlango siku ile, ndugu zangu, nnawaambia kweli, sikuufungua tena kwa muda mrefu.

Nilikuwa nnakaa juu, ghorofa ya pili, katika nyumba moja kubwa ya mjini. Jamaa waliokuwa wakikaa vyumba vya chini walishaondoka, na serikali ikawapa vyumba vile watu waliotoka shamba. Nilikasirika. Nilikasirishwa na vinu vyao, na kuku wao ngazini, na nguo zao kwenye kamba, na watoto wao wanaopiga kelele kutwa. Sasa nnajua nilichokasirikia ni kwamba walikuwa wengi. Nilijifunza kushuka ngazi wakati wako jikoni na kupanda wakati wamelala. Nikaacha kukaa barazani kwa sababu siku moja nilichoka. Siku ya pili nikaona haya kwamba jana sikwenda. Siku ya tatu nikaona hata hawakuniulizia. Basi ikawa ndivyo. Sala nikisali chumbani. Nilikuwa naweza kumaliza wiki sijasema ila bei ya mkate.

Hapo ndipo ofisi moja ya vitabu vya skuli iliponipa kazi. Kitabu cha darasa la kwanza, watoto wakicheza, wakichota maji, wakienda skuli. Nilifurahi, nikachora kwa bidii, nikapeleka. Mkubwa wa pale akazipanga picha juu ya meza, akazitazama, akazipanga tena. Akasema, "Bwana, hawa wasichana wote sura moja. Hata wavulana ni huyohuyo kanyolewa nywele. Mtoto atajuaje nani ni nani?" Akanirudishia, akanambia nizichore upya, na zikija vilevile kazi atampa mwengine.

Nilijua sura ile ya nani. Msidhani sikujua. Ilikuwa ya binti yangu, na nyusi zake zilizokaribia kukutana, na kidevu chake cha ubishi. Nilipojaribu kuchora mtoto mwengine, mkono ulikataa, na sababu yake nnaisema leo hadharani: niliogopa. Picha yake sikuwa nayo hata moja, zote mama yake alichukua. Nikaamini kwamba mkono wangu ndio pekee unaomkumbuka, na ukizoea sura nyengine, ya kwake itapotea. Mnaweza kunicheka. Lakini mtu aliyekaa peke yake hana wa kumwambia kwamba wazo lake ni la kipumbavu, basi linakaa, linanenepa. Nilikuwa niko tayari kuikosa kazi, na kazi ndiyo kitu pekee kilichokuwa kimenibakia.

Ikaingia Ramadhani. Siku ya kwanza, karibu na magharibi, nikasikia mtu kaweka kitu nje ya mlango wangu. Sahani ya muhogo wa nazi, imefunikwa kwa sahani nyengine. Imetoka chini, kwa mwanamke mmoja wa Makunduchi ambaye mumewe alikuwa akipakua mizigo bandarini. Sikupata kumsalimu hata siku moja. Nikala. Nikaosha sahani. Sasa mnajua kwetu, sahani ya jirani hairudishwi tupu. Na mimi nilikuwa sina hata chungu, nnafuturu kwa mkate na chai. Nikaziweka sahani pembeni, nikasema kesho ntatafuta kitu cha kutia. Kesho zikaja ndizi. Kesho kutwa boga. Kila siku sahani, na kila siku deni la adabu linazidi, na mimi nnaosha napanga, nnaosha napanga, mpaka zikasimama kama za dukani. Nilikuwa nikizitazama naona aibu hata kutoka kwenda chooni.

Alasiri moja akapanda mwenyewe. Alisimama nje ya kizingiti, kanga kajitanda, mlango uko wazi, watoto wake wawili nyuma yake. Akasema, "Shemeji, mie nimefuata sahani zangu. Wanangu jana wamefuturu kwenye vifuu."

Nikamwambia nilikuwa sina cha kutia ndani.

Akanitazama, akazitazama zile sahani zilivyong'aa. Akawaambia wanawe, "Kumbe ni mjinga tu. Sisi huko chini tulikuwa tunasema ana kiburi."

Nyinyi mnacheka, lakini mimi sikumbuki maneno mengine yaliyonipa raha kama yale. Nikamkusanyia sahani, nikawapa watoto wabebe. Picha zangu zilikuwa zimetandazwa sakafuni zikikauka, na mwanamke yule akaziinamia kutoka pale mlangoni. Akaniuliza huyu ni nani. Nikasema ni watoto wa kitabu cha skuli. Akasema, "Sikuulizi kitabu. Huyu mtoto mmoja. Huyu ndiye huyu, na yule pia ndiye huyu. Ni nani?"

Nikamtaja. Jina la binti yangu lilinitoka kwa sauti, na nilikuwa sijalisema tangu siku ya meli. Nikalia mbele ya mwanamke wa watu na watoto wake, wenye sahani mikononi. Yeye hakunibembeleza. Akawaambia watoto watangulie, akabaki pale kizingitini, akatazama upande mwengine mpaka nikanyamaza. Kisha akasema, "Mie nilimzika mwanangu wa mwanzo. Nilipomzaa huyu mkubwa sikutaka kumtazama usoni. Nilidhani nikimjua huyu, yule ntamsahau. Shemeji, sikumsahau. Hata leo nikipika nnampakulia kwa moyo. Lakini huyu naye alitaka kutazamwa."

Akanambia kesho nishuke nifuturu na mumewe, na nije na kalamu zangu. Hakuniuliza kama nnataka.

Nikashuka. Mumewe akanisogezea mkeka, akanipa tende, akaanza kunieleza habari za bandarini kana kwamba jana tulikuwa pamoja. Baada ya sala nikatoa karatasi, wakaniletea yule binti yao mkubwa nimchore. Hakutulia. Ana kigaga gotini, meno mawili ya mbele hana, anataka kuona nnachofanya kabla sijafanya. Nikaanza na miguu yake kama kawaida yangu, iliyopanuka, yenye vumbi, haifanani na mguu wowote ninaoujua. Nikapanda magotini, nikaingia kwenye gauni, na nilipofika usoni nikainua kalamu. Nikamtazama. Akafungua mdomo kunionesha pengo. Nikalichora pengo kwanza, na sura iliyobaki ikaja kulizunguka, ikawa ni yake, si ya mtu mwengine.

Asubuhi yake, baada ya alfajiri, nikakaa dirishani. Nilitaka kujua kama nimempoteza wangu. Nikamchora. Akaja palepale, nyusi, kidevu, kila kitu. Nikafurahi. Halafu nikaitazama picha, na ndipo nilipoona: huyu ana miaka sita. Binti yangu wakati ule alikuwa anakaribia kumi. Meno yalishang'oka, yakaota mengine, mimi sijui. Yule mtoto niliyekuwa nikimlinda kwa kujifungia hakuwako tena mahali popote duniani. Aliyekuwako alikuwa mwengine, mkubwa, ambaye sikupata kumuona. Mama zangu, siku ile niliumia kuliko siku ya talaka. Lakini nilinyanyuka, nikavaa kanzu, nikashuka ngazi mchana kweupe watu wote wako uani, nikawasalimu.

Kitabu nilikichora upya chote katika ua ule. Kila mtoto wa nyumba yetu yumo, na baadhi ya wa nyumba ya pili, waliokuja kupanga foleni na kugombana nani atangulie. Mkubwa wa ofisi alizipokea picha, akasema sasa nnawaona watoto. Yule binti mwenye pengo yumo ukurasa wa mbele, anachota maji, na mpaka leo anadai kwamba ndoo nimemchorea kubwa mno.

Nisiwadanganye kwamba upweke umeondoka. Nikipanda chumbani usiku bado upo, umekaa kwenye kiti changu. Tofauti ni kwamba sasa na mimi nina pa kwenda nikauacha peke yake.

Yule binti wa chini nnamchora kila Sikukuu. Nataka kuona uso wa mtoto wa kike unarefukaje, shavu linapungua wapi, nipate kukisia wa kwangu yuko vipi. Nilishachora picha nyingi za kukisia. Sasa, mwaka jana alipita msafiri mmoja aliyewahi kukaa karibu na watu wangu huko Uarabuni. Nikamuuliza juu ya binti yangu. Akasema kamuona, hajambo, anasoma, ni mrefu kuliko mama yake, na anavaa miwani.

Miwani, ndugu zangu. Katika picha zote zile sikumvisha miwani hata mara moja. Nilikwenda nyumbani nikamchora nayo, nikairudia mara nyingi kwa sababu vioo vya miwani vina taabu, na siku nzima nilikuwa nacheka peke yangu. Ni kitu cha kwake ambacho sikukizua mimi.

Basi nnashukuru. Nnamshukuru mwanamke aliyepanda ngazi kudai sahani zake, na mumewe aliyenisogezea mkeka, na watoto walioniazima sura zao. Nnakishukuru chama hiki, kwa sababu nilipougua homa mwaka juzi mlikuja wengi mpaka nikakosa pa kulala. Na kama kuna funzo, ni hili tu: mwenye mtu wake aliye mbali asikae naye peke yake kichwani. Awasimulie watu habari zake. Na wewe ambaye jirani yako wa juu hashuki, usingoje ashuke, kamgongee. Hata kama huna unachomdai.

Nimeambiwa nisitaje jina, na sikutaja. Lakini kabla hatujatawanyika tutainua mikono kuomba dua. Nnakuombeni katika dua hiyo mumtie msichana mmoja mrefu, mwenye miwani. Mungu anamjua.