Rahab Mumbi Kiama, Aliyetafuta Buluu Isiyofifia (1969–2009)

Marehemu Rahab Mumbi Kiama alizaliwa tarehe 3 Mei 1969 huko Embulbul, karibu na Ngong. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Lazarus Githongo na Mama Virginia. Alikuwa mtoto mwoga. Jioni hakuenda chooni mpaka mimi, kaka yake Kiragu, nisimame nje nikiimba, ili ajue sijaondoka. Nikinyamaza kidogo tu, aliita.

Alisoma shule ya msingi Embulbul, kisha sekondari ya bweni Kajiado, akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea kemia. Mwaka wa 1996 alipata ufadhili wa kwenda Uingereza kwa shahada ya uzamifu. Huko ndiko alikoanza kazi ya maisha yake: kubuni molekuli zinazotoa mwanga zikipitishiwa umeme, za kutengenezea vioo vya simu na televisheni. Mama alimuuliza, "Kwani unatengeneza taa?" Akajibu, "Hapana, Mami. Ni kitu chembamba kushinda ganda la kitunguu, lakini kinawaka chenyewe."

Nyekundu na kijani zilikuwa zimepatikana. Buluu ndiyo iliyowashinda watafiti, kwa sababu mwanga wa buluu huhitaji nguvu nyingi, na nguvu hiyo hiyo huivunja molekuli inayoutoa. Inawaka vizuri, halafu inakufa.

Machi 1999, chupa ya kiyeyusho, kemikali ya kuyeyushia nyingine, ilishika moto mbele yake katika maabara. Rahab alikimbia. Mwenzake aliyebaki kuuzima moto aliungua mikono yote miwili. Yule mwenzake alimsamehe, lakini Rahab hakuweza tena kushika chupa ya maabara. Alimaliza masomo akarudi nyumbani Agosti mwaka huo.

Tarehe 15 Aprili 2000 alifunga ndoa na Bedan Kiama, mwalimu wa hesabu, wakajenga Kitengela, karibu na mbuga ya wanyama. Mwaka uliofuata Mungu aliwapa binti, Ciku. Rahab alifundisha kemia asubuhi. Saa zilizobaki alichora molekuli kwenye kompyuta, na kompyuta ikapiga hesabu kwa siku kadhaa kujua kila moja ingetoa rangi gani na ingevunjikia wapi. Zilizofaa alizituma kwa barua pepe kwa wenzake wa Uingereza, wakazitengeneza.

Agosti 2005, siku ya sita ya hesabu moja, stima ilipotea alfajiri. Kompyuta ikabaki ikitumia betri ya gari iliyokuwa karibu kuisha, na betri nyingine ilikuwa stoo, ng'ambo ya ua. Wakati huo huo jirani yao, Mzee Parsaloi, alipiga kelele kutoka bomani kwake: "Mwalimu, kaeni ndani! Simba wamekula kondoo na hawajaenda!"

Bedan alisema, "Wacha izime. Utaanza tena."

"Naogopa sana," Rahab alisema, akafungua mlango.

Walivuka pamoja, Bedan akigonga sufuria. Simba jike alikuwa amelala kando ya tangi la maji, akawatazama. Hakuinuka. Walirudi na betri, wakaiunganisha, kisha Rahab akakaa sakafuni kando ya kompyuta. Nilipomsifu baadaye, alikataa. "Si ujasiri, Kiragu. Niliogopa zaidi kukimbia mara ya pili."

Molekuli ya hesabu ile ilitengenezwa mwaka uliofuata. Waliyokuwa nayo awali ilipoteza nusu ya mwanga wake baada ya saa mia mbili. Ya Rahab ilifika saa elfu moja na mia moja.

Januari 2009 alianza kutoka damu kwenye fizi. Ilikuwa saratani ya damu. Alimuuliza daktari kama ni vile viyeyusho alivyovuta miaka ile, na daktari akasema hawezi kujua. Hilo lilimtesa kuliko sindano. Wageni walimwambia awe na imani, naye aliitikia amina, lakini wakiondoka alimshika Bedan mkono asiuachilie. Wiki ya mwisho aliniambia, "Usiandike nilipigana kwa ujasiri. Niko na hofu usiku na mchana. Andika hivyo, Ciku asije akadhani ni yeye peke yake."

Alitutoka Ijumaa, tarehe 16 Oktoba 2009, saa nne asubuhi, katika hospitali moja jijini Nairobi, Bedan akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama yake, Virginia. Mume wake, Bedan. Binti yake, Ciku, mwenye miaka minane. Na mimi kaka yake.

Ciku, jana uliniuliza kama mama aliogopa. Sasa umesikia. Aliogopa sana.

Mungu ampokee dada yetu, ampe pumziko la amani.