Historia ya Lavender Mwelu, Aliyekataa Kushika Kompyuta za Watu

Padri wetu, wazee, majirani wa Mumbuni, wageni kutoka Kangundo na Matuu, mimi ni Mwikali, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenituma nisome, nikaambiwa nisichukue muda mrefu kwa sababu kuna wingu upande ule, jambo ambalo marehemu mwenyewe angelisema kabla ya mtu mwingine yeyote, kisha angeinuka aende kuangalia kamba za hema.

Lavender Mwelu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1983 kule Kangundo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Nzuki na mama yetu Kasyoka, wakulima wa kahawa na maparachichi, na mama anasema alitembea mapema kuliko sisi wote, na tangu siku hiyo hakukaa, maana alikuwa anakula akisimama, anasoma akitembea, na ukimtuma dukani anarudi amepanga upya viti vya mwenye duka.

Alianza masomo mwaka wa 1990 katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko la Kangundo, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1997, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1998 hadi 2001, mahali ambapo walimu waliandika kila muhula kwamba ana akili lakini hatulii, halafu akasomea stashahada ya kompyuta mjini Machakos kuanzia 2003, akamaliza Novemba 2005, baba akiuza ng'ombe mmoja ambaye hadi leo tunasikia habari zake.

Alianza kazi Februari 2006 katika duka la kompyuta karibu na stendi ya Machakos, akiwachapia watu barua za kuomba kazi, na hapo ndipo Onesmus Wambua, fundi wa mabomba, alipokuja kuchapiwa barua, akarudi na nyingine, na nyingine tena, mpaka Mwelu akamwuliza kama kweli anatafuta kazi, naye akakiri kwamba kazi anayo, wakafunga ndoa tarehe 15 Desemba 2007, harusi ambayo bibi harusi aliinuka katikati ya hotuba akaenda kuhamisha meza ya keki kwa sababu jua lilikuwa linaifikia.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Mutindi aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2009, na Lenny aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 2013, ambao wako hapa mbele, na ambao wanajua kuosha vyombo, kufunga balbu na kubishana, vyote wamefundishwa na mama yao.

Mnamo tarehe 2 Aprili 2012 aliajiriwa na kiwanda cha kusindika maembe huko Matuu kuangalia kompyuta za ofisi, akapanga chumba kule, akawa anarudi hapa Mumbuni kila Ijumaa, na ni katika kiwanda hicho alipofanya kazi ambayo sisi wa nyumbani tulichelewa kuielewa, kwa hivyo nitaieleza nilivyoelezwa, kwamba kuna njia ya kutengeneza programu ya simu au ya kompyuta bila kujua lugha ya kompyuta hata neno moja, mtu anachagua vipande vilivyo tayari, anavivuta kwa kidole, anavipanga, kisha anaviamuru, hiki kikijazwa, kile kifanyike, na marehemu alianza kuwafundisha njia hiyo wafanyakazi wa kawaida mwaka wa 2019, akisema amechoka kutengenezewa shida na programu za kununua ambazo hazimjui mtu wa Matuu.

Hivyo mpishi wa kiwanda akajitengenezea programu ya kujua ni wangapi watakula muthokoi mchana, muthokoi ukaacha kumwagwa, na askari wa lango akatengeneza yake ya wageni, na watu wa chumba cha baridi yao, na katika mafunzo hayo yote marehemu alikuwa na sharti moja lililowakasirisha wengi, kwamba hashiki kompyuta ya mtu, anasimama nyuma yako na mikono yake ameiweka mgongoni, anahama mguu huu na ule, anaguna, anameza mate, unaona kabisa anaumwa na polepole yako, lakini hagusi, na ukimwomba anakwambia kwamba akikugusia leo utamwita kesho.

Sasa nafika mahali ambapo mwenyewe alitaka pasomwe, aliniambia kwa mdomo wake, Mwikali usiniremberembe, kwa hiyo sirembi. Novemba 2023 mkurugenzi alitaka programu ya kuwapa wakulima zamu za kuleta maembe, kila mkulima apate ujumbe wa siku yake, msimu ulikuwa umekaribia na wafanyakazi wa mapokezi hawakuwa wamejifunza, basi Mwelu akakosa subira, akaileta kazi hapa nyumbani, akaitengeneza peke yake, akaifungua kwa jina lake na nywila yake, akawa kila wiki anazipanga zamu kwa simu yake mwenyewe, na kwa sababu ilikwenda vizuri, hakuna aliyeuliza inakwendaje, na wote walimsifu, nasi tukamsifu.

Mwishoni mwa mwaka wa 2024 alianza kuumwa tumbo na mgongo, akanywa dawa za kutuliza akiwa njiani kwenda kazini, hadi tarehe 13 Januari 2025 alipolazwa hapa Machakos, ikagunduliwa ni saratani ya kongosho, akafanyiwa upasuaji tarehe 20, na katika siku hizo simu yake ilikuwa imezimwa, zamu za wiki hazikupangwa, na programu ile ikafanya ilivyoamriwa, kwamba zamu zisipopangwa kila mkulima apewe siku ya kwanza iliyo wazi, kwa hivyo Alhamisi tarehe 23 wakulima wote wa Yatta, eneo linalouzunguka mji wa Matuu, walifika kiwandani kwa pamoja, pikapu, mikokoteni ya punda na bodaboda zenye magunia, foleni ikatoka langoni ikafika barabara ya Thika, maembe yakaiva juani yakaanza kutoa maji, na mama mmoja akayamwaga yake yote mbele ya lango akaenda zake.

Habari hizo zilimfikia wodini kesho yake, na sitaki kuficha, zilimuumiza kuliko kisu cha daktari, muuguzi alimkuta kwenye korido amevaa viatu, mshono bado mbichi, akisema anakwenda Matuu mara moja atarudi, na ilibidi Wambua amshike huku analia, wote wawili wanalia.

Jumamosi tarehe 25 walikuja Emily wa mapokezi na Musau wa mizani, wamebeba kompyuta kwenye mfuko wa sukari, mama yetu akakasirika sana akataka kuwafukuza, akiuliza mgonjwa ataachwa lini apumzike, lakini Emily akaiweka kitandani akasema, "Madam, hatukuja kukusumbua, wewe guza tu kidogo, weka nywila yako, irudi vile ilikuwa." Nilikuwa nimekaa pembeni yake, niliona mkono wake ukitoka chini ya blanketi, ukarudi, ukatoka tena, na nilitamani aguse, kusema kweli, nilitamani aguse waondoke, apumzike. Aliurudisha mkono chini ya blanketi, akaukalia. Kisha akawaambia hiyo ni yangu, itupeni, tengenezeni yenu, na muifungue kwa jina la kiwanda, si langu, wala si la Emily.

Basi wodi ikawa darasa, kila walipopata nafasi walikuja, naye alikuwa mwalimu mgumu, alisonya walipochagua rangi, alifumba macho walipokosea, na walipotaka wakulima waruhusiwe kubadilishana zamu wao kwa wao alikataa kabisa akasema italeta vurugu, Musau akamjibu taratibu, "Madam, hiyo kubadilishana wanafanya hata sasa, ni vile tu sisi hatuoni," marehemu akageukia ukuta, tukadhani amelala, halafu tukasikia sauti kutoka ukutani ikisema, wekeni.

Programu yao ilituma zamu za kwanza Jumatatu tarehe 10 Februari, na siku hiyo aliamka mapema, akaagiza simu yake ichajiwe, akailaza kifuani, akangoja iite, chai ikapoa, uji ukapoa, akaniuliza kama mtandao uko, nikamwambia uko, akasema labda wamenikasirikia, na nilimwona dada yangu, aliyekimbizana na kila mtu maisha yake yote, akiogopa kwamba hahitajiki. Jioni Emily akapiga, akamsalimia, akamwuliza amekula nini, na Mwelu akashindwa kuvumilia akauliza kama kulikuwa na shida, Emily akasema, "Ilikuwako asubuhi, ujumbe ilikuwa inaenda mara mbili, tukatengeneza." Mwelu akaweka simu chini. Alilia, nami sikumnyamazisha, kisha akaniambia, Mwikali, sasa sina kazi, akalala usingizi ambao sijawahi kumwona akilala tangu tukiwa watoto kitanda kimoja, hata mguu hakutikisa.

Hali yake ilibadilika Jumapili tarehe 16, na Jumanne tarehe 18 Februari 2025 asubuhi, Wambua akiwa amemshika mkono, Bwana akampokea, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, pamoja na yule muuguzi aliyemvua viatu, majirani wa Mumbuni mliopika na kuchota maji, jumuiya ndogo ya kanisa mliokesha nasi mkisali, na wafanyakazi wenzake wa Matuu, ambao ni nusu tu wako hapa, na ninajua wazee mmenong'ona kuhusu hilo, kwa sababu kwetu mtu akizikwa, pale alipofanya kazi panafungwa siku hiyo, hata mimi nilikasirika, nilimpigia Emily jana kwa sauti ya juu nikamwuliza Mwelu amekuwa nani kwenu hata mshindwe kufunga lango siku moja.

Akaniambia wakulima wa leo walikuwa wameshachuma.

Mwelu, mdogo wangu, lango la Matuu liko wazi saa hii, maembe yanapimwa, zamu za wiki ijayo wamezipanga, na hakuna anayekuuliza kitu. Unaweza kupumzika sasa, pumzika kwa amani.