Hodi Kwenye Mlango Wangu

Ndugu zangu, asifiwe Bwana! Na ninyi mliosimama nyuma huko, asifiwe! Nimeokoka, na leo nataka kusema habari ya mlango wa nyumba yangu. Nikichelewa kufika kwa Yesu mnivumilie, tutafika tu.

Mnanijua. Mimi ni Baba Nekesa, fundi wa masanduku ya bati kule Kibera. Nyumba yangu ni hapa Gatina, chumba kimoja na pazia katikati. Mchana kutwa nagonga bati, na jioni, ndugu zangu, nilikuwa sijui kuacha kugonga. Pombe sikunywa. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, maana mlevi ana chupa ya kusingizia. Mimi nilikuwa mkali hivi hivi, macho makavu! Chai ikipoa, kofi. Mtoto akimwaga maji, mkanda. Viatu vyangu vikisikika kwenye changarawe nje, binti yangu Nekesa alimshika mdogo wake Wafula mkono, wakaingia chini ya kitanda. Nikikaa nawasikia wanavyopumua hapo chini, na mimi najiambia, hiyo ndiyo heshima. Ole wangu!

Siku moja nikamkuta mke wangu anafunga nguo kwenye shuka. Hakulia, hakugomba. "Baba Nekesa," akasema, "shule zikifungwa narudi kwetu Bungoma na watoto. Sitaki wakue kama panya." Kisha akainuka, akaenda kusonga ugali. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli.

Nikakimbilia madhabahuni. Niliombewa, nikaanguka, nikalia mpaka kamasi. Jumatatu nikampiga Wafula kwa sababu ya kijiko! Jumapili nikarudi, nikaombewa tena. Mama Mutua, huyu mama yetu wa Kitui anayeuza maharagwe sokoni, akanishika shati nikipita kwake. "Wewe fundi, kila Jumapili unaifukuza hasira kanisani, halafu jioni unaifungulia mlango. Hebu niambie, huyo mtu mpole unayemwomba Mungu akufanye, yeye akifika nyumbani hufanyaje?" Akaniachia shati. "Basi nenda ukamfikirie," akasema, akaendelea kupima maharagwe yake.

Nikamfikiria njia nzima. Nikaona kwamba mtu huyo haingii kwake kama askari wa msako. Anapiga hodi. Mwanamume mzima, hodi nyumbani kwake! Jioni hiyo nikasimama nje, nikasema, "Hodi." Nikarudia. Mke wangu akatoka na mwiko mkononi, akaniuliza kama nimerukwa na akili. Majirani walicheka wakashika mbavu: "Baba Nekesa amekuwa mgeni!" Wacha wacheke. Kila jioni nikawa nasimama pale mpaka nijibiwe, na nikisimama, hasira niliyotoka nayo Kibera inapoa. Si yote, kidogo tu. Mke wangu akazoea kuniambia "Karibu" bila hata kugeuka. Lakini watoto walikuwa bado chini ya kitanda, na lile furushi la nguo lilikuwa bado pembeni.

Shule zikakaribia kufungwa. Siku moja mteja akalikataa sanduku langu mbele ya watu, nikajigonga kidole kwa nyundo, nikarudi nikiwa moto. Nikausukuma mlango, paa! Wafula akapotea chini ya kitanda. Nekesa hakukimbia. Alisimama katikati ya nyumba, akasema, "Baba, hujapiga hodi."

Ndugu zangu! Mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Ni Mungu tu aliyenifanya niuone ukiwa juu, nikauogopa mkono wangu mwenyewe. Nikaushusha. Nikatoka nje, nikaufunga mlango. Mvua inaninyeshea. Mwishowe nikasema, "Hodi." Aliyenijibu alikuwa yule mtoto, si mama yake: "Karibu, Baba." Nikaingia nikilia, nikawaomba msamaha mmoja mmoja, hata yule aliyekuwa chini ya kitanda.

Sisemi yaliisha siku hiyo. Nimeteleza tena, na Mama Nekesa huyu hapa, muulizeni. Lakini zile nguo zilitoka kwenye shuka, na Bungoma tulienda wote, tukarudi wote. Asante Yesu! Na wewe uliyeombewa ukaona hujabadilika, usimkatie Mungu tamaa. Mwamini. Halafu leo ukitoka hapa, fanya jambo moja dogo ambalo yule mtu unayetaka kuwa angelifanya, na kesho ulirudie. Ukianguka, toka nje upige hodi upya.

Jana jioni nilirudi kutoka kazini. Viatu ni vilevile, changarawe ni ileile. Nikamsikia Wafula ndani akipiga kelele, "Ni Baba! Karibu, Baba!" Na nilikuwa sijapiga hodi bado.