Alta Kjelstad, Kitukuu wa Hulda Mwenye Gari

Tunamshukuru Mungu aliyempa marehemu Alta Ruth Kjelstad miaka themanini na mmoja, miezi sita na siku ishirini na nne. Mwenyewe angetaka hesabu isomwe hivyo hivyo, bila kupunguza siku, maana katika jambo la tarehe hakuwa na mchezo.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Machi 1941, katika ranchi ya Brandvold, maili kumi na moja kaskazini mwa mji huu wa Alder Gap, Wyoming. Theluji ilikuwa imefunga barabara na mkunga aliletwa kwa farasi. Alikuwa mtoto wa pekee. Alilelewa na hadithi za Hulda Brandvold, bibi ya baba yake, aliyefika bondeni kwa gari la turubai likivutwa na farasi wanne. Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kipupwe kile kikuu cha mwaka 1886 kuingia 1887, ng'ombe walipokufa kwa maelfu nchi nzima. Hulda aliwaingiza ndama wawili jikoni akawalaza kando ya jiko, akasema watakaa humo mpaka nyasi zionekane. Alta aliisikia hadithi hiyo kabla hajajua kusoma, naye akawasimulia wanawe kabla hawajajua kutembea.

Alisoma shule ya chumba kimoja pale Alder Creek, wanafunzi tisa na mwalimu mmoja, kisha akamaliza sekondari hapa mjini mwaka 1959. Hakuendelea zaidi, na jambo hilo lilimkaa moyoni. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1995 alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Watoto waliokula mikate yake ya mdalasini sasa wana wajukuu, na wengine wamesimama nasi hapa leo.

Tarehe 17 Juni 1961 alifunga ndoa na Emmett Kjelstad katika kanisa letu. Mungu akawajalia Garth mwaka 1963 na Noreen mwaka 1968. Emmett alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ya uchumba alimwambia Alta, "Nina ng'ombe sitini na nyumba inavuja." Alta akamjibu, "Basi twende na ndoo." Waliishi pamoja miaka arobaini na minane, mpaka Bwana alipomwita Emmett mwaka 2009.

Wasifu huu usingekuwa wa kweli kama ungeliacha lile gari, na marehemu alisema wazi lisiachwe. Baba yake alilitoa gari la Hulda kwa makumbusho ya mji mwaka 1958. Mwaka 1990, jimbo lilipotimiza miaka mia, mji ulianzisha shindano la maswali ya historia ya wale waliotangulia kufika huku. Hufanyika kila Jumamosi ya pili ya Julai, katika ukumbi wa chini wa kanisa. Kanuni iliyowekwa ni kwamba mshindi peke yake ndiye huketi katika gari la Hulda siku ya gwaride, na kiti kinabaki chake hadi Julai inayofuata. Alta alishinda miaka minane mfululizo. Alipanda gari la bibi yake akiwa amevaa boneti ya kitani, akawapungia watu mkono kama mtu aliye kwao.

Mwaka 1998 akaingia shindanoni Bi Dorleen Pomeroy, mwalimu mstaafu aliyetokea Ohio. Akashinda. Mwaka uliofuata akashinda tena.

Hapo ndipo wivu ulipoingia, nasi hatuutii sukari. Alta alimwonea Dorleen wivu kwa mwandiko wake mzuri, kwa vitabu vyake, na hata kwa bakuli lake la viazi na jibini lililokwisha kwanza katika kila karamu ya kanisa. Akirudi nyumbani humwambia mumewe, "Mtu wa Ohio ameketi mahali pa Hulda tena." Emmett humjibu, "Gari halijalalamika."

Tarehe 12 Julai 2003 jambo likazidi. Bwana Lowell Tibbets wa makumbusho aliuliza gari la Hulda liliingia bondeni mwaka gani. Watu waligeuka wakamtazama Alta, wengine wakicheka kwamba ameulizwa siku yake ya kuzaliwa. Akajibu, "1884." Dorleen akagonga kengele yake, polepole, akasema, "Juni 1887. Hati ya ardhi iko mahakamani, nimeiona."

Kila mtu mle ukumbini alijua maana yake. Kama Hulda alifika Juni 1887, basi kipupwe kile kikuu kilikuwa kimekwisha kupita, na wale ndama wa jikoni hawakuwapo. Alta aliinuka, akachukua sahani yake ya pai ikiwa nusu, akatoka. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe mahakamani akaiona hati. Ilikuwa kama Dorleen alivyosema, na hilo ndilo alilochelewa kulisamehe. Alihama benchi la tatu kanisani akaenda la saba ili asimwone Dorleen, akagundua kwamba kutoka la saba kisogo cha Dorleen huonekana vizuri zaidi. Kwa miaka kumi na minane na zaidi hawakusemeshana. Alisali juu ya jambo hilo, tunajua alisali, kwa sababu alikuwa akimaliza sala kwa kusema, "Lakini Bwana, wewe unajua nilivyoumia." Na kila Julai alirudi kushindana, na kila Julai alishindwa.

Februari 2022 madaktari waliona saratani ya kongosho, imekwisha kuenea. Marehemu alikataa kulazwa mbali, akarudi nyumbani. Siku ya nne Dorleen alisimama barazani na bakuli lake la viazi.

"Mwambie nimelala," Alta alimnong'oneza Noreen.

"Amelala huku akinichungulia kwenye pazia?" Dorleen alisema kutoka nje. "Alta, mkono wangu unaungua."

Akaingia. Alta akaonja viazi, akasema vimezidi chumvi, akamaliza sahani. Kisha akasema alilolihifadhi miaka yote hiyo. "Uliniibia bibi yangu mbele ya watu."

"Mimi ndiye niliyekuwa nakuonea gere," Dorleen akasema. "Unafikiri mtu husoma makaratasi ya mahakama kwa furaha? Wewe ulikuwa ukifungua kinywa tu, anatoka Hulda mzima mzima, na jiko lake na ndama wake. Mimi bibi yangu alikuwa akiuza kofia Dayton, na hata jina la duka silijui. Nikasema, kama sina wa kwangu, nitawajua wa wenzangu kuliko wao wenyewe. Ilikuwa dhambi, mwenzangu. Siku ile ningeweza kunyamaza."

"Kofia za namna gani?" Alta aliuliza.

"Hata hilo sijui."

Noreen anashuhudia kwamba mama yake alilala usingizi mzuri siku hiyo. Alisema mwenyewe kesho yake kwamba hakujua kama kuonewa wivu kuna raha namna hiyo, na akaomba msamaha kwa Mungu kwa raha yenyewe.

Tangu hapo Dorleen alikuja kila Jumanne, wakaulizana maswali. Siku moja alisema, "Baridi kali haikuja mara moja tu. Labda ndama walikuwa wa mwaka mwingine."

"Usinipe ndama kwa huruma," Alta akamjibu. Lakini aliandika jambo hilo nyuma ya bahasha.

Tarehe 9 Julai 2022 alipelekwa ukumbini katika kiti cha magurudumu. Alijibu vizuri kuliko miaka yote. Mwisho wakabaki wawili, alama sawa, na swali moja. Bwana Tibbets akauliza: yule bibi aliyepiga kura mjini Laramie Septemba 1870, mwanamke wa kwanza huku kufanya hivyo, asubuhi ile alikuwa ametoka nyumbani na kindoo chake kwenda kununua nini?

Dawa zilikuwa zimemlegeza Alta. Alifungua kinywa na jibu halikuja. Akamtazama Dorleen. Dorleen alikuwa ameweka mikono mapajani, mbali na kengele, akitazama dari.

"Lowell, huyu anajua," Alta akasema. "Aliniuliza mwenyewe Jumanne."

"Nimesahau," Dorleen akasema.

"Umesahau? Wewe? Nilingoja kiti kile miaka ishirini na minne nikipewe na mtu anayetazama dari? Gonga kengele, Dorleen."

Dorleen akagonga. "Hamira," akasema.

"Hamira," Alta akarudia. "Sasa kapande. Na uketi upande wa kushoto. Wa kulia ni wa Hulda."

Marehemu alitutoka Jumatatu tarehe 3 Oktoba 2022, saa kumi na mbili na robo asubuhi, kitandani pake, watoto wake wakiwa wamemshika mikono. Katika juma la mwisho hakulitaja gari hata mara moja. Alimtaja Emmett, na Bwana Yesu, na akauliza kama nyasi zimeoteshwa upande wa kisima.

Garth alikwenda makumbusho kuomba gari limbebe mama yao. Kamati ilisema inasikitika, lakini kanuni ni kanuni, anayeketi humo ni mshindi tu, na mshindi hadi Julai ni Bi Pomeroy. Wakampigia simu. Dorleen akawajibu, "Kanuni inasema kuketi. Alta amelala." Kamati ikalitoa gari. Walipomwomba yeye apande mbele na mwendesha farasi, alikataa. Leo asubuhi alitembea kwa miguu nyuma ya gari, kutoka kanisani hadi hapa kaburini, akiwa na miaka themanini na minne na fimbo yake.

Marehemu ameacha mwanawe Garth na mkewe Luanne, binti yake Noreen, wajukuu watano, vitukuu watatu, na Dorleen Pomeroy, ambaye jina lake aliagiza liandikwe pamoja na jamaa, mwisho wa orodha, asije akajiona.

Apumzike kwa amani katika Bwana, wala asiulizwe tena swali lolote.