Royce Tillery, Mlinzi wa Hadithi ya Bahari Kavu, Anastaafu Akiwa Bado Anachunguzwa

Royce Tillery anastaafu Ijumaa, Mei 29, baada ya miaka 31 katika bustani hii ya burudani, 17 ya mwisho akiwa mlinzi wa hadithi wa eneo la Bahari Kavu. Meneja wa eneo, Annette Villafañe, alithibitisha hayo Jumatatu katika mkutano wa asubuhi. Alithibitisha pia kwamba uchunguzi juu yake, ulioanza Desemba, haujafungwa. Keki imeshaagizwa. Cheti cha utumishi mwema hakijatiwa saini.

Royce alizaliwa Apopka, hapa hapa Florida, na akaja hapa mwaka 1995 kama mpaka rangi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvipaka rangi ya kutu vyuma vilivyotoka kiwandani wiki hiyo hiyo. Alipoulizwa na mama yake anafanya kazi gani, alijibu kwamba analipwa kuharibu vitu vizuri, na mama akataka kujua kama kampuni inajua.

Bahari Kavu ilipofunguliwa mwaka 2009, alipewa kazi ambayo haikuwa na jina. Eneo zima limejengwa juu ya filamu za Bahari Kavu, na hadithi yake imesimama katika siku moja tu: siku ya mwisho kabla ya Kituo cha Oru kuzingirwa, kama ilivyo kwenye filamu ya pili. Mgeni anayeingia asubuhi na anayeingia jioni wote wanaingia siku hiyo hiyo. Muuza chumvi, mlinzi wa lango na mfagiaji hawaruhusiwi kujua ya kesho. Royce ndiye aliyehakikisha hawayajui.

Kila siku kabla ya lango kufunguliwa alizunguka eneo lote akitafuta kisichostahili kuwepo. Hakuamini ripoti ya zamu iliyotangulia. Hakuamini parafujo mpya. Aliwahi kusimama mbele ya ghala la silaha, akanusa mara mbili, kisha akamtoa mtunza ghala nyuma ya mapipa akiwa na nusu ya sandwichi ya Kikuba, ya nyama ya nguruwe, mkononi.

"Oru hakuna nguruwe," Royce alimwambia.

"Mzee, nina njaa."

"Hata waliozingirwa wana njaa. Kalie huko nyuma, kwa watu wa karne yako."

Mwajiriwa mmoja, ambaye ameomba asitajwe, aliulizwa na msichana mdogo kama nahodha atakufa vitani. Akamtuliza kwa kumwambia kwamba atakufa, ila asijali, atarudi kwenye filamu ya tatu. Royce alitokea nyuma yake kabla msichana hajafumba mdomo.

"Kaka, umeyajuaje ya kesho?" akamuuliza mbele ya wageni wote. Kisha akamgeukia msichana: "Msamehe. Huyu alikunywa maji ya chumvi utotoni."

Mchango wake unaotumika zaidi ni mvua. Filamu zinasema Oru haijanyeshewa kwa miaka mia mbili, na sisi tuko katikati ya Florida, ambako majira ya joto ngurumo hufika saa tisa alasiri kana kwamba zimeandikiwa zamu. Kwa miezi miwili ya mwanzo wafanyakazi walikuwa wakitazamana tu, wakilowa. Royce akaandika mstari mmoja: mitambo ya kupikia chumvi iko juu ya mawingu, na ni mizee. Tangu hapo matone yakianza kudondoka, eneo zima hulalamika kwa sauti moja, "Inavuja tena!", na wageni nao huitikia. Wapo wanaokuja majira hayo kwa ajili ya hilo tu.

Kwa miaka hiyo yote Royce alimshuku kila mtu. Tangu Desemba anashukiwa yeye.

Chanzo ni ukuta wa matangazo kando ya kisima. Mwaka 2009 Royce alibandika hapo tangazo la mwanamke aitwaye Imrel, ambaye hayumo katika filamu yoyote. Anamtafuta mumewe Dorrek, mlinzi wa taa ya kituo, aliyeizima taa kwa makusudi ili wakimbizi wapite gizani, kisha akatoweka. Kila baada ya miezi mitatu Imrel alitoa tangazo jipya, na kila moja lilimsogeza hatua. Wageni wa kila mwaka walikuwa wakienda kwake kwanza, hata kabla ya kupanga foleni ya mchezo wa mashua ya mchanga. Katika moja ya matangazo hayo Imrel anasema amesikia kwamba mumewe yu hai upande wa adui, akitumia jina la mtoto wao aliyekufa, Sovi.

Novemba iliyopita ilitoka filamu ya nne. Ndani yake mlinzi wa taa anazima taa kwa makusudi ili wakimbizi wapite. Anaonekana tena mwishoni, akiishi upande wa adui kwa jina la mtoto wake aliyekufa. Jina hilo ni Sovi.

Studio ya filamu hizo ilimtuma mwakilishi wake, Bwana Kessler, kutoka California. Hoja yake ni fupi. Machi 2023 Royce, kwa kazi yake, alipewa kusoma muswada wa filamu hiyo na akatia saini kwamba atatunza siri. Kwa hiyo, anasema Kessler, aliyasoma kwenye muswada akayabandika ukutani. Ikithibitika, Royce atapigwa marufuku kuingia bustanini na Imrel ataondolewa.

Royce anasema tangazo la Sovi alilibandika majira ya kuchipua ya 2016. Nakala hana. Faili za ofisi zilipotea tulipohamishwa jengo mwaka 2020. Wageni wawili walileta picha zenye tarehe, na Kessler akazikataa: tarehe ya picha hubadilishwa na yeyote mwenye simu.

Yadira Montañez, anayeuza chumvi hatua kumi kutoka kwenye ukuta huo, anatia shaka upande wa pili. Anasema Septemba 2018 watu watatu wa studio walikaa hapa siku mbili, na mmoja wao alipiga picha ukuta wote, karatasi moja baada ya nyingine.

"Namkumbuka vizuri. Aliniuliza choo kiko wapi, nikamjibu kama mtu wa Oru, kwamba jangwa lote ni lake. Hakucheka. Mtu asiyecheka hapo, dada, huyo yuko kazini."

Studio inasema haina kumbukumbu ya ziara hiyo. Jarida hili la wafanyakazi liliomba daftari la lango la wafanyakazi la mwaka huo. Lililoletwa halina kurasa za Septemba. Hakuna aliyeeleza kwa nini.

Jibu lipo ukutani kwenyewe, na kila aliyefanya kazi Bahari Kavu analijua. Hapa tangazo la zamani halibanduliwi. Kituo cha miaka mia mbili hakiwezi kuwa na ukuta safi, kwa hiyo jipya hubandikwa juu ya lililotangulia, kwa gundi iliyochanganywa na chai na vumbi la mbao. Zimefika karatasi 68. Nyuma ya kila moja kuna mhuri wa chumba cha uchapaji, mwezi na mwaka. Mhuri unaweza kughushiwa. Lakini karatasi iliyofunikwa na nyingine arobaini, zote zimekuwa kama ubao, haiingiziwi kitu katikati.

Kessler aliomba ukuta ubanduliwe tangu Januari. Aliyekataa ni Royce.

Hilo halikumsaidia. Hata marafiki zake walianza kunong'ona kantini. Katika kikao cha Februari, kwa mujibu wa Villafañe, Kessler alisema mtu asiye na cha kuficha hufungua mlango.

"Mlango ningefungua," Royce akamjibu. "Wewe unaomba nibomoe nyumba ya mwanamke kwa sababu mmepoteza kumbukumbu ya ziara yenu."

Jarida hili lilimuuliza mara mbili kama aliwahi kuandika chochote alichokisoma kwenye muswada. Mara ya kwanza alisema hapana. Mara ya pili alisema, "Ulishaniuliza," akaendelea kukuna rangi kwenye kucha. Inafaa isemwe pia kwamba ni yeye aliyetufundisha kutoridhika na jibu la kwanza.

Wiki iliyopita alikubali, kwa sharti moja. Karatasi zikishatoka, tangazo jipya la Imrel libandikwe hapo hapo kabla lango halijafunguliwa, mhuri useme utakavyosema. Kessler alitaka kulisoma kwanza. Alilisoma akiwa amesimama, akalirudisha. Villafañe ameruhusu lichapwe hapa:

"Kwa aliyebandua matangazo yangu: miaka kumi na saba nimeuliza swali moja ukutani. Kama ulikuja kutafuta jibu langu, lisome lote, kisha niambie ulilipata wapi lako. Imrel, mke wa mlinzi wa taa."

Royce, tunakushukuru kwa kutu uliyoipaka, kwa mvua uliyoipa sababu, na kwa kila siku uliyotukuta tunajua ya kesho ukatunyamazisha. Uende Apopka salama, ule karanga zako za kuchemsha kwa raha, na usimwamini fundi wa paa kabla hujapanda mwenyewe.

Ukuta utabanduliwa Ijumaa, Mei 29, saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya Kessler, Villafañe na wajumbe wawili wa wafanyakazi. Kinachotafutwa ni mhuri wa karatasi ya 28 kutoka chini, ile ya Sovi. Lango litafunguliwa saa tatu. Keki itakatwa saa nane mchana, na Villafañe amesema atakuja na kalamu.