Abiria Aliangalia Nyuma

Benchi letu liko nje ya karakana ya Spana, fundi pikipiki, pale njia ya mashine ya kusaga inapochepuka kutoka barabara kubwa. Jana mchana, mbele ya macho yetu, Kipepeo wa bodaboda alikata kulia ghafla, na pikapu iliyokuwa inampita ikamzoa. Yeye alichubuka kiwiko. Abiria wake, mama mmoja fundi cherehani, alivunjika mguu. Leo Kipepeo amekuja na bandeji, kahawa imemiminwa, na benchi zima linawaka.

— Hakupiga honi! Kipepeo akafoka. Mtu anakunyatia kama mwizi, halafu mkosaji niwe mimi?

— Haki yako, akasema Hakimu, ambaye hajawahi kuhukumu hata kesi ya kuku; alikuwa tarishi wa mahakama. Wahenga walisema, yaliyopita si ndwele. Kilicho nyuma umeshakipita. Ukiangalie cha nini?

— Wahenga hawakupanda pikipiki! Spana akatupa spana yake chini. Kabla ya kukata kona, geuza shingo. Kabla ya kuhama upande, geuza. Kabla ya kufunga breki, kabla ya kutoka pembeni, chungulia! Kioo peke yake kinaweza kukuficha gari zima. Nimekwambia mara ngapi?

— Nikigeuka, pikipiki inayumba.

— Inayumba kwa sababu unageuka na mabega kama unaitwa na mkweo! Shingo tu, kufumba na kufumbua, macho yanarudi mbele.

— Mungu angetaka tuangalie nyuma, Hakimu akakata shauri, angetupa jicho la kisogoni. Na tunalo! Abiria. Kakaa tu, hana kazi. Sheria iandikwe: abiria aangalie nyuma, asipoangalia ashtakiwe yeye!

— Hapo umenena! nikadakia. Naona aibu kusema, lakini nilidakia, tena nikapiga paja.

— Mtu kavunjika mguu, Spana akanguruma, na nyinyi mnamfungulia kesi?

Hatukumwona dada aliyesimama kando ya benchi, chupa ya uji mkononi.

— Habari zenu. Mimi binti wa yule mama wa jana. Natoka hospitali.

Kipepeo akainuka.

— Pole, dada. Mama anaendeleaje?

— Amefungwa plasta mpaka pajani. Kaka, mama anasema aliiona ile pikapu. Alikugonga bega mara mbili, akakwambia ngoja. Amenituma nikuulize: yeye abiria aliangalia nyuma. Wewe ulikuwa unaangalia wapi?

Hakimu akakohoa. Hata Spana akainamisha kichwa.

Dada alisubiri. Jibu tulikuwa nalo: jana Kipepeo alikuwa anatuangalia sisi. Sote, na Spana akiwemo, tulikuwa tumesimama juu ya benchi hili hili, tukimpigia miluzi akate kona aje.